Panya wa Mbizi

Nilikwenda Ufipa kwa ajili ya panya. Kwetu Unguja jambo kama hili halisemwi mbele za watu, na wa kwanza kunicheka alikuwa mke wangu. "Panya wamejaa Darajani," aliniambia, "na kuwaona hutoi nauli. Wewe unamfuata yupi huko mwisho wa nchi?" Nikamjibu kwamba namfuata Sabuni. Hapo akaacha kucheka, akaanza kunitazama kama mtu anayefikiria kumwita daktari.

Jina hilo sikulitunga. Mwaka 2007 wanasayansi wa Ubelgiji na wenzao wa Tanzania walichapisha maelezo ya aina 5 mpya za panya wa jenasi ya Lophuromys, wale wenye manyoya magumu kama brashi ya viatu. Wanne kati yao walipewa majina ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Panya wa Usambara akapewa jina la Kilonzo, wa Mlima Rungwe la Machang'u, wa Mlima Hanang la Makundi, na wa milima ya Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga, akaitwa kwa jina la Christopher Sabuni. Chuo hicho na panya wana udugu wa muda mrefu. Ni hapo hapo Morogoro wanapofundishwa panya buku wa shirika la APOPO, wale wanaonusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alivishwa medali ya dhahabu mwaka 2020.

Kilichonigusa mimi ni hilo jina. Nimekulia karibu na msitu wa Jozani, na kima punju tuliyekuwa tukimtupia mawe utotoni, vitabuni ni mali ya John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja zama za Seyyid Barghash. Swala wa bara ni wa Thomson na wa Grant. Nilipoona kwamba kuna mnyama anayeitwa kwa jina la mtu ambaye angeweza kuwa mwalimu wa mwanangu, nikataka nikamwamkie kwao.

Basi tulilopanda Mbeya lilipasuka tairi baada ya Laela, na jeki ikabidi tuiazime kwa dereva wa lori. Tuliingia Sumbawanga saa tano usiku. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zimeshaanza, na mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 hivi, na mtu wa pwani hulijua hilo kwa meno kabla ya kulijua kwa ramani.

Njia nzima abiria walikuwa wakitaniana juu ya uchawi, maana huwezi kutaja Sumbawanga popote Tanzania bila mtu kukuuliza kama umejikinga. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu aliwaacha wamalize, kisha akageuka. "Sumba ni kutupa, wanga ni uchawi," alisema. "Sumbawanga maana yake tupa uchawi. Sisi tuliutupa zamani." Akanitazama kofia yangu ya kiua. "Waliouokota ni nyinyi wa visiwani." Basi zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Kwa Mpemba asingethubutu, lakini hilo ni la siku nyingine.

Asubuhi mpwa wangu, anayesomesha sekondari hapo mjini, alinitoa uani akanionyesha mlima. Nilitarajia ukuta wa miti. Nilichokiona ni migongo mirefu ya nyasi, mingine bado imeungua, mingine imeanza kuota majani mabichi, na juu kabisa, kwenye mikunjo, michirizi ya kijani cheusi kama wanja uliobaki machoni asubuhi.

"Msitu wenyewe uko wapi?" nilimuuliza.

"Ndio ule, mjomba."

"Ule?"

"Ule ule. Na maji unayonawia yanatoka huko."

Uwanda wa Ufipa ni kama meza iliyoinuliwa kati ya mabonde mawili. Magharibi unashuka hadi Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili kwa kina duniani. Mashariki unakatika ghafla kuelekea Ziwa Rukwa. Milima ya Mbizi iko kwenye ukingo huo wa mashariki, na vilele vyake vinapita mita 2,400. Juu ya meza kwenyewe ni mashamba ya mahindi, maharage na ulezi hadi jicho linapochoka. Ukitazama vizuri katika mashamba ya zamani unaona pia vijilima vya mviringo, ambavyo Wafipa wanaviita intumba. Hukata nyasi, huzirundika, huzifunika kwa udongo, zikaoza humo na kuwa mbolea. Ni kilimo cha watu ambao nyasi wanazo nyingi kuliko miti.

Swali la miti lilinisumbua siku mbili. Uwanda huu umezaliwa uchi au umevuliwa nguo? Mpwa wangu akanipeleka kwa mwalimu mwenzake wa historia, naye, badala ya kunijibu, akatupakia kwenye gari lake bovu akatupeleka shambani kwa mtu. Katikati ya mahindi yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachipua palisimama kitu nilichodhani ni kichuguu. Nilipokaribia nikaona kuta zake zimeungua hadi udongo ukawa mwekundu kama tofali. Chini palikuwa na matundu yaliyopangwa kuzunguka, na pembeni lundo la mavi ya chuma, meusi, mazito, yanayong'aa yakivunjika.

Wafipa wanaliita tanuru hili ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Lilikuwa na urefu wa kama mita 3. Ajabu yake ni kwamba halikuwa na mivukuto. Lilipumua lenyewe. Hewa iliingia kupitia mirija ya udongo iliyopachikwa kwenye matundu ya chini, joto likaivuta kwenda juu kama bomba la moshi, na tanuru likawaka kwa siku kadhaa mfululizo bila mtu kuchoka mikono. Kilichotoka hapo bado kilikuwa kichafu, basi kikahamishiwa tanuru dogo liitwalo kintengwe. Hilo ndilo lililovukutwa, na humo chuma kikasafishwa hadi kufaa kufuliwa majembe. Mapadre Weupe waliwakuta Wafipa wakifanya kazi hiyo bado mwanzoni mwa karne ya 20. Bertram Mapunda, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametumia miaka mingi kuyachimba na kuyaandika matanuru haya. Kinachonishangaza ni kwamba watoto wetu wanafundishwa mapinduzi ya viwanda ya Uingereza hadi jina la mtaa, na ilungu hawajaliona hata kwenye picha.

Mwalimu aliokota kipande cha mavi ya chuma akanipa. "Hiki kilikula mkaa kiasi gani?" aliniuliza. Sikujua. "Haya, zidisha kwa matanuru yote ya Ufipa. Kisha ongeza jembe lenyewe, maana jembe likishafuliwa halikai ukutani. Linakwenda kufyeka."

Hakutaka kusema kwamba wafua chuma ndio walioumaliza msitu, na mimi pia sitasema. Sehemu kubwa ya nyasi hizi huenda ni ya asili, na moto, kilimo na ng'ombe wamefanya kazi yao kwa zamu. Watu na miti wameishi pamoja kwenye uwanda huu kwa muda usioingia akilini. Mwaka 2023 watafiti walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yaliyofukuliwa penye Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, upande wa kusini wa uwanda huu huu. Umri wake ni takriban miaka 476,000. Aliyeyachonga hakuwa hata binadamu wa aina yetu. Mtu akikuambia Mwafrika alianza kukata miti juzi alipoletewa shoka, mpeleke Kalambo.

Siku ya nne bwana misitu alinipa kibali na kijana wa doria wa kunisindikiza. Tulikwenda kwa bodaboda hadi Ntendo, tukashika njia inayoelekea Muze, na mahali fulani kwenye mwinuko tukateremka, tukaanza kupanda kwa miguu kupitia nyasi.

Kabla ya msitu kuna pindo lake, na pindo hilo ndilo lililonisikitisha kuliko kitu chochote nilichokiona safari hii. Nyasi zinaishia kwenye kichaka cha jimbi lenye urefu wa kifua. Ndani ya jimbi mna visiki vyeusi, na nyuma ya visiki imesimama miti ya ukingoni ikiwa imeungua upande mmoja tu, ule unaotazama nyasi, upande wa pili bado una majani. Watu wa misitu wanauita moto kichaa. Huwashwa bondeni au shambani mwezi wa nane au wa tisa, na mtu anayetaka majani mabichi ya ng'ombe, au anayewinda, au aliyetupa kiberiti tu, kisha hupanda mlima wenyewe. Ndani ya msitu hauingii mbali, kwa sababu huko ni kubichi. Unaramba ukingo tu. Mti wa mbele unakufa, na mwaka unaofuata mti uliokuwa wa pili ndio unakuwa wa mbele. Hakuna atakayeona msitu ukiteketea siku moja akapiga picha. Ni kama kanzu inayofumuka pindo, uzi mmoja kila mwaka.

"Mnazima kwa nini?" nilimuuliza kijana.

"Matawi, mzee. Na barabara za kuzuia moto, tukiwahi kuzifyeka."

Tukaingia. Hatua kumi tu, na joto la jua likakatika kama mtu amefunga mlango. Nilisikia ubaridi wa mtungi. Miti haikuwa mirefu kama ya Amani au Udzungwa. Hii ni miti ya upepo na ukungu, iliyopinda, matawi yamevaa ndevu za kijivu, na kwenye magome mna okidi zilizojipachika bila kumnyonya mwenyeji wao. Kijana alinitajia miti kwa Kifipa, mmoja baada ya mwingine, huku akiigonga kwa kiganja kama anayenijulisha kwa jamaa zake. Niliandika majina kumi na saba. Mingine aliijua kwa kazi yake: huu hutoa mpini mzuri, huu kuni yake ina moshi, huu wazee hawakati.

Akainama, akafukua majani yaliyooza. Mkono wake ulizama hadi kwenye kifundo kabla ya kugusa udongo. Akaukamua ule mboji, na maji yakachuruzika katikati ya vidole. Wakati huo mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku mbili. Ukungu unapopanda kutoka bonde la Rukwa hukutana na milima hii, majani na ndevu za miti zikaunasa, ukadondoka chini, na tandiko hili la mboji likaunywa na kuuachia polepole. Vijito vinavyotoka hapo vingine hushuka upande wa mji, vingine upande wa ziwa, na ndiyo maana mpwa wangu ana maji mwezi wa tisa, wakati uwanda mzima umekauka kama mkeka. Nimewahi kusoma hayo kwenye mabango ya serikali, kwa maneno ya "vyanzo vya maji" na "tutunze mazingira", na hayakuniingia. Yaliniingia pale yalipochuruzika mkononi mwa kijana yule.

Mboji ule ulikuwa na minyoo. Minyoo, mchwa, siafu, mabuu. Nikamwambia kijana kwamba hiki ndicho chakula cha yule niliyemfuata. Panya wa jenasi hii si mla nafaka kama wa stoo. Hula wadudu na minyoo kwa wingi. Ngozi yake ni dhaifu kiasi kwamba huchanika akikamatwa, na mkia wake hukatika upesi, ukabaki kwa adui naye akaokoka. Kijana alinisikiliza kwa adabu zote. "Sasa, mzee," alisema mwishoni, "yeye amefanya nini hadi akapewa jina la mtu?" Nikamwambia hakufanya kitu. Amekaa hapa peke yake, katika mlima uliozungukwa na nyasi, kwa muda mrefu mpaka akawa tofauti na panya wa Rungwe na wa Hanang. Alitafakari kidogo. "Basi huyo," akasema, "ni kama sisi Wafipa."

Mbega tuliwasikia kwanza. Mtu aliyelelewa Jozani hawezi kuikosea sauti ile, nusu kikohozi, nusu ndege aliyeudhika. Kisha matawi yakaanza kuinama na kuinuka juu ya vichwa vyetu, wakawa wanaruka mmoja mmoja kutoka mti hadi mti, mikono imetanuliwa kama watu wanaojitupa baharini pale Forodhani. Nilihesabu ishirini na tatu nikachanganyikiwa. Hawa ni mbega wekundu, lakini wekundu wao uko kichwani tu, kama kofia ya kutu. Mgongo ni wa kijivu kilichokolea, na miguu ina rangi ya jivu. Jina lao la kitaalamu, tephrosceles, ni la Kigiriki na maana yake ni hiyo hiyo, wenye miguu ya jivu. Kima punju wetu mgongo wake unawaka na tumbo lake ni jeupe. Ukiwaweka pamoja ungesema wa Unguja amevaa kwa harusi na wa Mbizi kwa baridi.

Kwa mengine ni ndugu kweli. Mkononi hawana dole gumba la maana. Tumbo lao lina vyumba kama la ng'ombe, humo majani huchachuka yakayeyuka, na kwa sababu hiyo hawapendi matunda yaliyoiva. Sukari ikichachuka tumboni huwadhuru. Huchagua majani machanga na tunda bichi. Jozani wamekwenda mbele zaidi, hula mkaa. Huuokota kwenye matanuru na majikoni, na watafiti wanaeleza kwamba mkaa unafyonza sumu ya majani wanayokula, hasa ya miembe na mikungu. Nilimsimulia kijana habari hii nikitaraji atashangaa.

"Hapa mkaa unaliwa na mji," alisema.

Jamaa zao wengine wako mbali: Mahale na Gombe, ambako sokwe huwawinda, na Kibale kule Uganda. Katika miaka ya 2000 Tim Davenport, Noah Mpunga na Sophy Machaga walikuja Ufipa kuwahesabu. Ni watu wale wale waliokuwa miongoni mwa waliomtambulisha kipunji kwa ulimwengu mwaka 2005, nyani aliyekuwa akijulikana na wawindaji wa Rungwe siku zote, ila hakuwa na cheti. Wengi wa mbega wa Ufipa wako humu Mbizi, na wachache wamebaki katika msitu mdogo uitwao Mbuzi. Mbizi na Mbuzi. Niliposikia majina hayo kwa mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji.

Nilisema huu ni mlima uliozungukwa na nyasi. Mimi ni mtu wa kisiwani na najua kisiwa nikikiona. Mbega hashuki chini kwa hiari. Akitoka Mbizi kwenda popote atatembea kwenye mashamba, mchana, mbele ya mbwa. Kwa hiyo hatoki. Anaoa humo humo, anazaa humo humo, na mwaka mti wa pindo unapoungua, yeye anapungukiwa chumba. Shirika la kimataifa linalotunza orodha ya viumbe, IUCN, limemweka katika kundi la walio hatarini kutoweka. Kisiwani kwetu tumelipata somo hili kwa chui. Kila mzee ana hadithi yake, na msitu hauna chui ambaye mtu anaweza kumwonyesha mgeni.

Kulukulu alipita juu yetu, na mbawa zake zilipofunguka zikawaka nyekundu. Wekundu huo una shaba ndani yake, shaba halisi. Ni jamii hiyo ya ndege tu iliyo na rangi ya namna ile. Nilitamani mafundi wa malungu wangelijua hilo.

Saa nane tukatokea upande wa pili, na nchi ikaisha. Chini yetu, zaidi ya mita 1,500 kwenda chini, kulikuwa na bonde zima la Rukwa, kwanza genge lenye miombo, kisha tambarare ya kijani na hudhurungi, kisha ziwa lenyewe, jeupe kama sinia lililosahauliwa juani. Rukwa haina mto unaotoka. Maji yanaingia na njia ya kutokea ni angani tu, kwa hiyo ziwa hupanuka na kusinyaa kama linavyotaka. Maelfu ya miaka iliyopita lilijaa hadi likamwagikia Tanganyika. Joseph Thomson alilifikia mwaka 1880 akaliita Leopold, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo limekufa, na sijakutana na aliyelililia.

Bonde hilo zuri limewahi kuitisha Afrika yote ya kusini na mashariki. Tambarare zake za nyasi na maji ni mojawapo ya sehemu chache ambako nzige wekundu huzaliana na kujikusanya. Makundi yaliyoanza mwaka 1930 yalitapakaa nchi nyingi na hayakwisha hadi 1944. Mwaka 1949 likaanzishwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji tunaouita sasa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka. Kijana wa doria alisema babu yake alikuwa akisimulia siku ambazo kuku walishiba nzige wakakataa mahindi.

Muze sikufika. Tulikuwa tumepanga tushuke tukale wali wa mpunga wa bondeni, ambao husifiwa sana mjini, lakini wingu lilikuja kutoka ziwani kwa kasi ambayo kijana hakuipenda. Tulirudi mbiombio. Mvua ilitukuta kwenye jimbi, na tulipofika nyumba ya kwanza nje ya msitu nilikuwa nimelowa hadi kwenye soksi.

"Shikamoo, bibi," tuliita mlangoni.

"Marahaba. Piteni, piteni, huyo mgeni atakufa."

Alitukalisha jikoni penye moto. Sitoeleza kuni zile zilitoka wapi, na kijana wa doria naye hakuuliza. Bibi akatupa viazi vya kuchoma na chai ya rangi, akataka kujua mtu wa Zanzibar anatafuta nini mlimani mwezi wa mvua. Nilisita, kwa sababu nilishachoka kuchekwa. Kijana akanisemea, akamweleza kwa Kifipa, na nikalisikia neno panya likipita katikati ya maneno nisiyoyajua.

Bibi hakucheka. Aliuliza, "Yupi? Wa nyumbani, wa shambani au wa msituni?"

"Wa msituni," nilisema.

"Wa msituni nao wako wengi." Akaanza kuwahesabu kwa vidole, kila mmoja na tabia yake: mwenye mstari mgongoni, mwenye mkia mrefu anayepanda miti, mdogo mwenye pua ndefu, ambaye nadhani si panya bali kirukanjia. Kidole cha nne akasita kidogo. "Halafu yuko yule mweusi mweusi, manyoya yake magumu. Anakula minyoo. Sisi tukiwa watoto tulikuwa tukimfukuza na kumshika. Ukimshika mkia, mkia unabaki nao mkononi, yeye huyoo."

Nilishusha kikombe. Nikamuuliza anaitwaje. Akanitajia jina kwa Kifipa. Nikamwomba arudie, akarudia, na kijana naye akalikariri, akisema yeye hajapata kulisikia. Nikalitoa daftari mfukoni niliandike, na daftari lilikuwa uji. Wino wa kalamu yangu ulikuwa umeyeyuka, na yale majina kumi na saba ya miti yalikuwa madoa ya buluu. Niliandika jina la panya juu ya madoa hayo, kwa mkono unaotetemeka, kwenye karatasi inayochanika. Nilipofika mjini usiku na kulifungua chini ya taa, herufi iliyosomeka ilikuwa ya kwanza tu. Kijana nilimpigia simu asubuhi. Naye alikuwa ameshalisahau.

Panya mwenyewe sikumwona. Hilo halinisumbui, maana kumwona kunahitaji mitego, kibali cha aina nyingine na subira ya watu wa Morogoro. Linalonisumbua ni lile jina. La Kilatini liko salama katika vitabu vya dunia nzima. Hili la pili liko jikoni kwa bibi mmoja, ng'ambo ya msitu unaofumuka pindo. Kwa hiyo kama wewe ni mwalimu Ufipa, au mjukuu wa mtu wa Ufipa, likizo ijayo kamuulize bibi yako anaitwaje yule panya mweusi wa Mbizi anayekula minyoo na kukuachia mkia. Beba penseli. Wino hauaminiki kule.